Taa za mji si taa za uwanja

Jioni moja ya Januari, mvua ikinyesha kama inavyojua kunyesha Lubumbashi, tulikuwa tukiusogelea uwanja wa ndege wa mji huo, Luano, kutoka kusini-magharibi kwa kutegemea vyombo peke yake, mimi pamoja na rubani msaidizi wa umri wa mwanangu. Akasema, "Papa, naona taa." Nikamwuliza ni taa za nini, akanyamaza. Zilikuwa taa za barabara, kwani mji uko upande ule ule tuliotokea, na tundu la wingu lilikuwa limezifunua kwa sekunde chache.

Pale ambapo hakuna mtambo unaomwongoza rubani katika mteremko hadi chini, ramani humpa kimo cha chini kabisa cha kushuka, na haruhusiwi kukivuka mpaka atambue kwa yakini njia ya kurukia yenyewe, kizingiti chake (pale inapoanzia) au taa zake, tena akiwa mahali anapoweza kutua kwa mteremko wa kawaida. Kuona ardhi hakutoshi.

Kosa ninalolikuta mara nyingi si ujeuri wa wazi, bali ni zile futi chache za "hebu tuchungulie kidogo". Ndege inayoshuka haigeuki papo hapo: baina ya kusukuma mikono ya injini na kuanza kupanda, huendelea kuzama. Ndiyo maana, ninaposhuka mfululizo kwa nyuzi 3, huongeza futi 50 juu ya kimo kilichochapishwa na kukata shauri hapo, kutua au kupanda tena. Luano iko karibu futi 4,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi huifanya ndege iende kasi kuliko chombo kinavyoonyesha, na injini nyingi hazina nguvu zilizo nazo pwani.

Kisha kuna altimita, chombo kinachoonyesha kimo kwa kupima mgandamizo wa hewa. Mnara ukikutajia mgandamizo wa hektopaskali 1013, nawe ukasikia 1023 na kuiweka hivyo, uko chini kwa futi karibu 300 kuliko unavyodhani, hata kama umekiheshimu kimo chako kwa moyo wote. Mimi husoma namba hiyo kwa sauti, na msaidizi huirudia.

Jioni ile tulipanda tena, tukasubiri angani, na katika jaribio la pili taa za uwanja zilijitokeza mapema. Abiria mmoja alilalamika kwamba tumemchelewesha. Nilimwomba radhi.