SN2 kwa abiria wa Mbagala

Vijana wangu wa kidato cha sita pale Tandika wanazikariri SN1 na SN2, njia mbili za kikundi kimoja cha atomi kuchukua nafasi ya kingine kwenye kaboni, kama namba za simu. Juzi nikawaambia: fikirieni daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. SN2 ni yule anayeingilia dirishani huku aliyekaa akitokea upande wa mlangoni. Kiti hakibaki wazi hata kidogo.

Haidroksaidi, yule anayeingia, huifikia kaboni kwa nyuma, bromaidi, yule aliyekaa, huachia upande wa pili, na vikundi vitatu vilivyobaki hupinduka. Hatua moja tu. Paul Walden alieleza mgeuko huo mwaka 1896, mwaka mmoja kabla J. J. Thomson hajagundua elektroni! Mimi hilo hunishangaza kuliko mmenyuko wenyewe.

Kaboni ikizungukwa na methili tatu (vikundi vya CH₃), nyuma hakupitiki. Hapo ni SN1: bromaidi huondoka kwanza, polepole, ikabaki kabokatayoni bapa, yaani kaboni yenye chaji chanya, inayoingilika pande zote mbili. Kuongeza nyukliofili, yaani kile kinachoingia kama haidroksaidi, hakuharakishi kitu.

“Mwalimu, na kaboni ya sekondari, ile iliyoshikana na kaboni nyingine mbili?”

Hapo tazama kiyeyushi: asetoni huibeba SN2, maji na ethanoli huipendelea SN1.