Usiku wa lavenda

Jamani, jana nimelala. Nimelala kweli, bila kushtuka saa nane usiku na kuanza kuhesabu mawazo.

Nilichofanya ni kidogo tu. Nilichukua maua makavu ya lavenda, nikayafikicha viganjani mpaka yakatoa ile harufu yake, tamu kidogo, halafu kwa mbali kama kafuri. Nikayafunga kwenye kitambaa chepesi na kukiweka chini ya foronya. Kila nikigeuka, harufu inanijia upya. Mabega yakalegea, pumzi ikatulia.

Harufu hiyo kwa sehemu kubwa inatokana na linaloli, kemikali iliyomo kwenye mafuta ya ua lenyewe. Na si mambo ya leo: mwaka 1910 mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, aliungua maabara yake ilipolipuka, akatibu vidonda kwa mafuta ya lavenda. Tangu hapo hakuyaacha.

Ila naomba mnisikilize kwa hili, maana mimi lilinipata. Mara ya kwanza nilijipaka mafuta yake makali moja kwa moja shingoni, ngozi ikawasha na kuwa nyekundu siku mbili nzima. Yachanganye kwanza: matone 12 kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi au ya lozi yanatosha kabisa. Na msiyanywe, tafadhali. Chupa iwe mbali na watoto.

Mwenye wasiwasi uliozidi amwone daktari. Lavenda imsindikize tu. Leo nabadilisha maua, nilale tena.