Magadi, na ile shida ya kupiga picha mahali tambarare

Anti yangu anaishi Kiserian na ndiye wa kwanza nilimwonyesha picha za Magadi, lile ziwa la magadi kusini mwa Nairobi. Akaangalia ya kwanza, ya pili, ya tatu, akanirudishia simu akauliza, "Sasa hapa ulikuwa unapiga nini?" Alikuwa anataka kujua kabisa. Nikaziangalia tena nikaona swali ni la haki, picha zaidi ya arobaini na zote ni mistari miwili, nyeupe chini, bluu juu, basi.

Iliniuma juu pale kwenyewe si hivo. Ukitoka Nairobi unapita Rongai, Kiserian, halafu pale Corner Baridi unaanza kushuka Bonde la Ufa, na unashuka kwelikweli, Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari na ziwa liko kama 600 tu, masikio yanaziba, sweta unavua, ukifika Olorgesailie pale kina Leakey, wale watafiti wa mambo ya kale, walichimba mawe ya watu wa kale miaka ya 1940 joto lishakushika. Halafu ziwa lenyewe, weupe hadi unafinya macho, na sehemu zingine rangi ya waridi sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi. Ni ile ile magadi tunaweka kwa maharagwe yaive haraka, hapa imelala tu kilomita na kilomita, na kampuni ya kuichimba ilianzishwa 1911 na mpaka leo magadi haijaisha.

Sasa hiyo yote inapotelea wapi ukibonyeza kamera? Nimefikiria hii kitu miezi. Ukiwa umesimama pale unageuza shingo, unasikia upepo, heroe wanapiga kelele huko mbali, mwili wako unajua pametanda namna gani. Kamera haina shingo. Inakata kipande kimoja na kwa hicho kipande hakuna kitu cha kukuambia kama ule weupe ni wa hatua kumi ama wa nusu saa ya kutembea. Umbali hauonekani wenyewe, lazima kuwe na kitu cha kuupimia.

Kwa hivo niliporudi mara ya pili nilienda nikiwa nimeamua mambo mawili, ama niwe chini sana ama niwe juu, ile ya kusimama wima na kamera kwa jicho niiache kabisa. Hii iko na hesabu yake. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama mahali tambarare upeo anaouona uko kama kilomita nne na nusu mbele. Akilala kifudifudi, kamera iko shubiri moja na kitu kutoka chini, upeo unakuja karibu, kilomita mbili hivi, na ardhi yote ya katikati inajibana inakuwa kamstari. Lakini chochote kilichosimama, jiwe, kichaka, mbuzi, kinatoka kwa ardhi kinaingia kwa anga. Hapo ndio kinaonekana. Ukiwa juu ni kinyume, ardhi inafunguka kama mkeka na unaona michoro yake. Pale Magadi ile magadi ikikauka hupasuka vipande vipande na kingo zake huinuka, ukiwa umesimama chini huwezi kujua hiyo michoro inaenda mbali aje. Dereva aliyenibeba alikubali nipande kwa keria ya gari, nikavua viatu, na picha ya kwanza tu niliyotoa huko juu ilikuwa na kitu zile arobaini zote hazikuwa nacho, macho yalikuwa na njia ya kufuata.

Droni ingefanya hiyo kazi vizuri zaidi lakini hapa Kenya lazima uwe na kibali na mimi sina, so keria inatosha.

Kitu kingine ni weupe. Kamera ikiona nyeupe nyingi hivo inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na magadi inatoka na rangi ya simiti. Lazima uilazimishe iongeze mwanga, mimi huongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, saa zingine moja na nusu, hata kwa simu unagusa skrini halafu unavuta kale ka jua juu kidogo. Na amka mapema jamani. Hapa kwetu tuko karibu na ikweta, jua hutoka saa kumi na mbili na dakika kadhaa mwaka mzima na hupanda wima, halizunguki zunguki. Ule mwanga wa pembeni wenye kila kajiwe kanapata kivuli chake kirefu unaisha haraka sana, na mahali tambarare bila vivuli ni karatasi. Kufika saa nne hewa ya karibu na ardhi inaanza kucheza sababu ya joto, ukivuta kitu cha mbali na lenzi ndefu kinatoka kimeyeyuka. Watu hulaumu lenzi. Si lenzi, ni hewa.



Nilikuwa nimelala chini kando ya ziwa nikingojea kitu kisimame kwa upeo nikaona punda wawili wakija na mitungi ya njano ya lita ishirini, na mama nyuma yao na shuka nyekundu. Wakiwa mbali walikuwa vidoti tu, na hapo ndio nilielewa ule weupe, juu nilingoja na kungoja na hao vidoti hawakui. Nikapiga moja wakiwa wadogo vile. Lakini walipokaribia nilisimama nikaweka kamera chini, sipendi mtu ajikute kwa picha kama kichaka. Nikamsalimia, "Takwenya," akaitikia, "Iko," halafu akacheka vile nilikuwa mweupe kifua chote.

"Kijana, umeanguka?"

"Hapana mama, napiga picha. Nimepiga moja mkiwa kule mbali, kama hutaki naifuta saa hii."

Nikamwonyesha. Akaangalia akasema hiyo haioneshi mtu, niiache tu, lakini sasa nipige ya kweli. Akasogeza punda mkubwa, akasimama kando yake, akanyoosha shuka, akaangalia kamera moja kwa moja. Mimi nikaanza kuinama nitafute pembe yangu na yeye akasema, "Simama vizuri na wewe." Nikasimama. Kamera kwa jicho, jua lishapanda, na ule mstari wa upeo ukipita katikati ya shingo yake, kitu chenye kila mtu hukuambia usifanye. Sikusogea. Hivo ndivyo alitaka kuonekana, na punda wake, na uso wote.

Ile ya vidoti nilimpelekea anti. Akashika simu kitambo, akauliza hao wanaenda wapi.

Ile ya mama niliichapisha hapa mjini, saizi ya kuweka kwa fremu, nikaitia kwa bahasha na kadibodi nyuma isikunjike. Nikaipeleka stejini ya gari za Magadi. Kondakta alitaka kujua ni ya nani, nikamweleza mama wa punda wawili, mitungi ya njano. Akauliza kama punda mmoja ako na sikio limekatika. Nikafungua bahasha tukaangalia pamoja, na kweli, sikio la kushoto limekatika nchani, sikuwa nimeona. Akasema basi anamjua, itafika kesho jioni.