Kisanduku kilichoachwa wazi

Swali lenyewe lilikuwa zuri: katika miti hii, ipi ni mikoko? Mkandaa, msinzi, mchu, mlilana, mvinje, mkungu. Wanafunzi wetu wa Chake Chake wamekulia pwani, na mvinje na mkungu nayo huota karibu na bahari, kwa hiyo asiyetulia hunaswa. Maalim wa jiografia alilitunga yeye, mimi nikiwa msimamizi wa Moodle, mfumo wa masomo na mitihani ya mtandaoni, katika maabara ya kompyuta ya skuli.

Matokeo yalipotoka, kijana mmoja aliyetia tiki miti yote sita alipata alama mia kwa mia. Msichana mmoja alichagua mkandaa, msinzi na mchu, akausahau mlilana, akapata 75. Alinifuata maabara na daftari lake mkononi.

"Maalim, mvinje nimeuacha kwa sababu najua si mkoko. Mbona kujua kwangu huko hakuhesabiwi?"

Maneno yale yaliniingia khasa. Katika swali la majibu mengi, kisanduku kilichoachwa wazi nacho ni jibu.

Nikalifungua swali pamoja na maalim mwenzangu. Kila jibu sahihi lilikuwa na asilimia 25, maana Moodle hutaka yaliyo sahihi yafike 100 kwa jumla. Yale mawili ya makosa yalikuwa na sifuri, kwa hiyo kuyachagua hakukumgharimu mtu chochote. Maalim alipendekeza mtindo wa Google Forms: ukiyapata yote, alama zote, likikosekana moja, huna kitu. "Anayejua, ajue yote," alisema. Mimi nilikataa. Msichana yule aliyejua mitatu kati ya minne angekuwa sawa na asiyejua hata mmoja, na hilo mpaka leo nalihesabu kuwa dhuluma.

Tukajaribu kutoa 25 kwa kila tiki ya makosa. Aliyechagua yote sita bado angeondoka na nusu ya alama. Tukaweka 50, hesabu ikakaa: 100 kutoa 100, sifuri. Maalim akauliza, na anayejua mmoja tu akakosea mmoja? Ni 25 kutoa 50, lakini Moodle haishushi swali la aina hii chini ya sifuri, kwa hiyo hapotezi alama za maswali mengine. Hapo akaridhika, ingawa shingo upande.

Kusahihisha upya ni kazi ya kubonyeza mara moja, na msichana angebaki na 75 zake. Lakini nilizuia mkono. Watoto hawakuwa wameambiwa kwamba tiki ya makosa inakata alama, na huwezi kumhukumu mtu kwa sharti aliloandikiwa baada ya kujibu. Tuliyafuta matokeo ya swali lile, tukaandika juu yake: "Chagua yote yaliyo sahihi. Kila jibu la makosa linapunguza alama." Darasa zima likalirudia Jumatatu, miti ikiwa mingine.