Tulivyopata cheti cha usalama wa chakula bila mshauri

Biskuti tulizokuwa tunauza kwa jina letu zilimpendeza mwenye supamaketi, akataka tumtengenezee zake, zenye jina lake. Sharti: cheti cha kiwango kinachotambuliwa na GFSI, mpango wa kimataifa unaopima na kutambua viwango vya usalama wa chakula. Wapo wanaoona huo ni usumbufu tu. Mimi namwelewa mwenye supamaketi. Mlaji akiumwa, anayetajwa ni mwenye jina kwenye pakiti, hata kama hajawahi kukanyaga kiwandani. Wauzaji wa Uingereza walitoa kiwango chao, BRC, mwaka 1998 kwa sababu hiyohiyo, na ndicho tulichokifuata, siku hizi kikiitwa BRCGS.

Mshauri mmoja alitaka kutuuzia mafaili ya taratibu yaliyokwisha kuandikwa. Nikayapitia: yalieleza kiwanda kisicho chetu. Nikaamua taratibu ziandikwe na wanaofanya kazi yenyewe, nami nizinyooshe.

Chukua mashine ya kugundua chuma. Mwendeshaji anapitisha vipande vitatu vya majaribio: cha chuma, cha metali isiyo chuma, na cha chuma cha pua. Kimoja kikipita bila mashine kulia, kila kilichopakiwa tangu jaribio zuri la mwisho kinazuiwa. Akijaza fomu ya majaribio jioni kwa kukumbukakumbuka, hujui uzuie kuanzia wapi. Kwa hiyo fomu tuliitundika palepale kwenye mashine, kalamu ikafungwa kwa kamba.

Kazi kubwa ilikuwa ufuatiliaji wa bechi, yaani kila mkupuo wa uzalishaji. Kiwango kinataka uweze kuifuatilia bidhaa kutoka malighafi hadi kwa mteja, na kurudi nyuma, ndani ya saa 4, tena hesabu ya kiasi ikubali: unga ulioingia, biskuti zilizotoka, kilichobaki stoo, kilichovunjika. Hapo kwenye kuvunjika ndipo hesabu za wengi hukwama. Tuliweka mizani kando ya pipa la mabaki, kila ndoo ikapimwa na kuandikwa namba ya bechi. Karatasi za kufungia nazo zilihesabiwa kila tulipobadili kutoka jina letu kwenda la mteja, maana biskuti zenye maziwa zikiingia kwenye pakiti isiyoyataja, mwenye mzio anaweza kupoteza maisha.

Kila mara nilikuwa naokota pakiti yoyote na kumpa msimamizi wa zamu afuatilie, mimi nikiwa nimekaa kimya. Mkaguzi alipokuja akafanya vivyo hivyo, na waliomjibu ni watu wa zamu. Alituachia dosari ndogo chache, mojawapo taa isiyo na kinga juu ya meza ya kupakia. Ushahidi wa marekebisho unatakiwa ndani ya siku 28. Sisi tulipiga picha, tukaambatisha risiti za fundi, tukatuma mapema.

Daraja A. Oda ya kwanza ilishatoka, na sasa tunajiandaa kwa ukaguzi wa kushtukiza, ambao lazima uje walau mara moja kila miaka 3.