Plastiki ikitoka, unyevu unabaki: tulivyopunguza plastiki nyumbani

Kabla ya kununua chombo chochote kipya, tulikusanya plastiki yote iliyotumika ndani ya wiki nzima, tukaiosha, tukaikausha na kuimwaga sakafuni. Kwa kawaida watu huipanga kwa aina: chupa huku, mifuko kule. Mimi niliipanga kwa kazi iliyokuwa ikifanya. Karibu yote iliangukia makundi mawili: iliyozuia maji yasitoke, kama vifungashio vya mboga, nyama na sabuni za maji, na iliyozuia unyevu usiingie, kama pakiti za unga, biskuti na poda ya kufulia. Mpango wetu wote umejengwa juu ya mgawanyo huo. Ukiiondoa plastiki, kazi ya kudhibiti maji haiondoki nayo. Lazima ifanywe na chombo kingine au na mkono wa mtu. Mbadala unapoachwa baada ya muda mfupi, mara nyingi chanzo ni hicho: mfuko wa kitambaa umevunda, sabuni imegeuka uji, majani ya mboga yamenyauka.

Mifuko ya kubebea ndiyo watu huanza nayo, lakini haihitaji maelezo mengi. Usinunue mingi. Ripoti ya mwaka 2011 ya Wakala wa Mazingira wa Uingereza ilikadiria kuwa mfuko wa pamba hauna budi kutumika mara 131 ndipo athari yake kwa joto la dunia ilingane na ya mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja tu. Kwa hiyo tunatumia michache, ukiwemo wa plastiki ngumu uliokuwepo tangu awali, nayo hutundikwa kwenye msumari wa mlangoni mara tu inapomaliza kupakuliwa. Ikikaa kabatini husahaulika. Ya kitambaa hufuliwa, hugeuzwa nje ndani na kuanikwa hadi mishono ikauke kabisa, kwa sababu uvundo huanzia kwenye mishono.

Jikoni ndipo penye kazi. Majani ya mboga hunyauka ndani ya friji kwa sababu hewa ya humo ni kavu na huyanyonya maji. Mfuko wa plastiki ulikuwa ukiyazuia. Sasa tunayaosha, tunayakung'uta vizuri, tunayazungushia kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa, kisha tunayaweka kwenye chombo chenye mfuniko. Kitambaa kiwe na unyevu lakini kisidondoshe maji, maana majani yakilala kwenye maji huoza. Karoti ni rahisi zaidi: hukaa zimezama ndani ya chupa ya maji, na maji hubadilishwa kila baada ya siku chache.

Nafaka na unga tunanunua kwa kupimiwa. Chupa tupu ya glasi hupimwa kwanza na uzito wake kuandikwa kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa chini, ili muuzaji autoe kwenye hesabu. Tatizo la nafaka ya wazi ni fukusi, ambao mayai yao huwa yameshaingia kabla hujanunua. Tunaziweka kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne. Ukizitoa, usifungue chombo mpaka kirudi kwenye joto la chumba. Ukifungua mapema, unyevu wa hewani utagandia kwenye punje zilizo baridi, nazo zitaota kuvu.

Glasi kwenye friza huwatia watu hofu, lakini ukifuata masharti machache haipasuki ovyo. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chupa yenye mabega huyabana pale juu yakakosa nafasi, ikapasuka shingoni. Chagua zenye kuta zilizonyooka, acha sentimita 3 tupu, acha chakula kipoe kabisa, na ukaze kifuniko baada tu ya chakula kuganda. Kuyeyusha ni ndani ya friji, kamwe si kwa maji ya moto, kwa kuwa glasi hupasuka joto linapobadilika ghafla.

Kufunikia bakuli tunatengeneza vitambaa vya nta. Kitambaa kiwe cha pamba tupu, sentimita 30 kwa 30. Kwaruza takriban gramu 15 za nta ya nyuki, changanya na kiasi kidogo cha utomvu mkavu wa msonobari uliosagwa na matone machache ya mafuta, tawanya juu ya kitambaa, uweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 85 hadi vyote viyeyuke na kuenea, kisha ukitundike. Bila utomvu kitambaa hakishiki bakuli, kinakunjuka tu. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo oshea maji baridi na sabuni kidogo, na usifunikie chakula cha moto. Nyama mbichi isiguse vitambaa hivi hata kidogo, kwa sababu haviwezi kuoshwa kwa maji moto ya kuua vijidudu. Nyama hukaa kwenye glasi au chuma.

Sabuni za kipande ziliondoa chupa nyingi kuliko kitu kingine chochote bafuni, na zinachodai ni kukauka tu. Kibao chenye mianya, mbali na njia ya maji ya bomba la mvua. Tukinunua, tunazitoa kwenye karatasi na kuziacha kabatini zipate hewa kwa wiki kadhaa, maana sabuni iliyokauka ni ngumu na hudumu zaidi. Kwenye nywele soma viungo kwanza. Kipande kilicho sabuni halisi, kikikutana na maji magumu, huungana na madini ya maji hayo, kalsiamu na magnesiamu, na kuacha utando unaonata. Suuza kwa vijiko viwili vya siki ndani ya lita moja ya maji. Kipande kilichotengenezwa kwa visafishaji visivyo sabuni hakina shida hiyo. Sponji ya kuoshea vyombo nafasi yake imechukuliwa na dodoki lililokatwa vipande, ambavyo hutundikwa kwa uzi. Kikiachwa ndani ya sinki hunuka upesi.

Mifuko ya taka ilitoweka yenyewe tulipotenganisha taka mbichi. Mfuko ulikuwepo kwa ajili ya maji ya maganda tu. Taka kavu hukaa kwenye pipa tupu. Mbichi huenda kwenye mboji, na kila ujazo mmoja hufunikwa kwa ujazo wa mara mbili au tatu wa majani makavu au karatasi zilizochanwa. Mboji ikinuka, ongeza vikavu na uigeuze ipate hewa. Msitegemee mifuko iliyoandikwa kuwa inaoza. Mingi huhitaji joto la karibu nyuzi 60 la viwanda vya mboji, na ile inayovunjika vipande kwa viambato vya kuiozesha kwa oksijeni huacha plastiki ndogondogo. Aina hii ya pili Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia Julai 2021.

Kwa mwenye mtoto mchanga, nepi ndizo nzito kuliko yote niliyotaja. Mtoto wa siku za mwanzo hubadilishwa mara 10 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo nepi za kitambaa 24 hutosha siku mbili kabla ya kufua. Ziweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko uliolegea, bila kuziloweka. Fua kwa nyuzi 60, usitie kilainishi kwani hufunika nyuzi za kitambaa zikashindwa kunyonya, na anika juani. Kifuniko cha nje bado kina plastiki ndani yake, lakini hutumika kwa miaka. Kazi hii ni kubwa, nami nasema wazi kwamba isiwe ya mama peke yake. Kwetu anayefua siye anayeanika.

Plastiki iliyokwishakuwepo nyumbani haitupwi. Igeuze uone namba ndani ya pembetatu, inayotaja aina ya plastiki, mfumo ulioanza mwaka 1988. Namba 1 hulegea kwenye joto la nyuzi 70 na kitu, kwa hiyo isipewe chochote cha moto. Namba 5 huhimili zaidi, ila sisi hatupashi chakula kwenye plastiki yoyote. Zote hutunza misumari, vifungo na mbegu mpaka zipasuke.

Dawa hatukuzigusa. Vidonge vingi huharibika kwa unyevu, na kifungashio chake kimepimwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo vinabaki humo mpaka siku ya kumezwa.