Hati ya Mkono Wangu

Lilikuwa daftari dogo la kuingia mfukoni, lenye jalada la buluu, pembe zimeshaanza kukunjika. Nilikuwa nikilificha chini ya mashuka ya akiba, mahali ambapo hakuna mtu mwingine nyumbani aliyekuwa na sababu ya kupekua. Ndani yake mlikuwa na mistari 37. Kila mstari ulikuwa na tarehe na kiasi, na juu ya ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeandika neno moja na kulipigia mstari: Mikopo.

Haikuwa mikopo. Hakuna mtu aliyenikopesha. Nilikuwa mtunza fedha wa mzee mmoja mwenye biashara yake, na kwa miezi 14 nilikuwa namwibia. Mteja akija kulipa taslimu, nachomoa karatasi ya kaboni kwenye kitabu cha risiti, namwandikia kiasi chake kamili, anaondoka ameridhika. Akishatoka, ile nakala inayobaki kitabuni naijaza kwa kiasi pungufu. Tofauti inaingia mkobani.

Mara ya kwanza mtoto alikuwa anaumwa na sikuwa na hela ya dawa. Hilo ni kweli, na kwa miaka mingi nililitanguliza kila niliposimulia habari hizi. Siku hizi nalitaja pamoja na jingine: mstari wa nane ulikuwa viatu. Vyangu. Kiasi chake kilikuwa kikubwa kuliko cha dawa, lakini haukunikosesha usingizi kama ulivyonikosesha ule wa kwanza.

Daftari nililiweka kwa sababu nilitaka kujiona mwaminifu. Mwizi haandiki, nilijiambia. Anayeandika ana nia ya kulipa. Kumbe daftari lile ndilo lililonifunga. Kila nilipoongeza mstari nilijumlisha upya, na kila nilipojumlisha nikaona deni limenizidi kimo. Mshahara ukiingia nasema mwezi huu naanza kurudisha. Mwezi unaisha, mistari imeongezeka miwili.

Kilichonitesa zaidi katika maisha yale ni kuitwa jina langu. Mzee alikuwa na tabia ya kuniita akiwa chumba cha ndani, bila kuinuka: ananitaja jina, halafu, "Njoo mara moja." Mara nyingi alitaka tu nimsaidie kusoma, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka. Lakini kila aliponiita tumbo lilinikata, viganja vikalowa jasho, na katika zile hatua tano au sita kati ya meza yangu na mlango wake nilikuwa nimeshashtakiwa, nimeshajitetea na kufungwa. Nikifika, ananinyooshea kipande cha karatasi. "Binti, hii ni saba au moja?" Mara tatu, mara nne kwa siku. Hakuna aliyenishuku hata kidogo. Niliposoma baadaye maneno ya Yesu katika Yohana 8:34, kwamba kila atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi, sikuhitaji kufafanuliwa na mtu.

Na nilikuwa mtu wa kanisani. Naliandika hili polepole, kwa sababu najua wapo wanaosoma wakiwa pale pale nilipokuwa mimi. Niliimba kwaya, sauti ya pili. Zaburi kadhaa nilizijua kwa moyo. Fungu la kumi nilitoa, na nilipoanza kuiba nikaliongeza: nikatoa sehemu ya kumi ya nilichoiba pia. Nakumbuka nikizikunja zile noti ndani ya bahasha nyumbani, nikijisikia nafuu, na nafuu yenyewe ikaniishia mlangoni mwa kanisa. Nilikuwa najaribu kumlipa Mungu kwa hela ya mzee.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Mwenzangu mmoja wa kazini aliniomba nimsindikize jioni kwenye ibada ya nyumbani. Watu tisa hivi, viti havikutosha, wawili wakakaa chini. Sikwenda kumtafuta Mungu. Nilikwenda kwa sababu sikutaka kubaki peke yangu nyumba moja na lile daftari. Aliyeongoza alikuwa mzee wa kanisa mwenye sauti ya chini, akasema leo hatahubiri, atasoma tu barua yote ya Paulo kwa Filemoni. Ni barua fupi, sura moja, mistari 25. Maisha yangu yote nilikuwa naifunua na kuipita nikielekea Waebrania.

Alieleza machache. Kwamba Paulo aliiandika akiwa kifungoni. Kwamba Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni, akakutana na Paulo huko huko kifungoni na kuamini, na sasa Paulo anamrudisha kwa bwana wake. Kwamba jina lenyewe Onesimo kwa Kigiriki ni mtu wa manufaa, ndiyo maana Paulo analichezea: huyu zamani hakukufaa kitu, sasa anakufaa wewe na mimi pia. Kijana mmoja akauliza kama basi Biblia inakubali utumwa, na mzee wa kanisa hakulikwepa swali. Alisema wapo waliowahi kuitumia barua hii kuwarudisha watu kwenye minyororo, na waliosoma hivyo waliuruka mstari wa 16, ambapo Filemoni anaambiwa ampokee si kama mtumwa tena, bali ndugu mpendwa. Kisha akaendelea na mstari wa 18. Kama amekudhulumu, Paulo anasema, kama ana deni lako lolote, "ukiandike hicho juu yangu." Na mstari unaofuata: "mimi nitalipa."

Wengine waliendelea kusikiliza. Mimi sikusikia tena kitu kwa muda. Neno lililonipata ni "ukiandike". Si "lisamehe", si "lisahau". Nilikuwa na mistari 37 ambayo ningeweza kuitaja gizani, na hapo kuna mtu anasema andika, andika yote, ila jina la mdaiwa weka langu.

Nilipozinduka mzee wa kanisa alikuwa ameshafungua Wakolosai. Alituonyesha sura ya 4, mstari wa 9: Onesimo huyo huyo anatajwa miongoni mwa waliotumwa Kolosai pamoja na Tikiko. Maana yake, akasema, mtu huyu aliyekuwa anamrudia bwana wake na deni mgongoni alisafiri na watu waliobeba barua yenye maneno ya sura ya 2, mstari wa 14, kwamba Mungu aliifuta ile hati ya kutushitaki, akaiondoa, akaigongomea msalabani. Akatuambia neno la Kigiriki lililotumika pale lilikuwa la biashara: hati ya deni ambayo mdaiwa ameiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Hakunitazama. Hakuwa akijua lolote. Akauliza tu kama yupo anayetaka kuombewa, nami nikajikuta nimeshapiga magoti, kiti nimekisukuma nyuma kikaanguka. Nilikuwa nimesikia watu wengi wakiongozwa sala ya toba na nilijua maneno yake, lakini hayakuja. Lililonitoka ni la yule mtoza ushuru wa Luka 18: Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi. Nikalirudia, nikalirudia. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Niliyosikia ni ya shingoni. Anayejua kubeba mzigo kichwani ananielewa: ukishatuliwa, shingo inabaki nyepesi mpaka unayumba, na mkono wako unapanda wenyewe kushika kitu ambacho hakipo tena.

Hapa ndipo ninapotaka nisomwe kwa makini, maana shuhuda nyingi zinapita haraka mno. Usiku ule sikuwa nimelipa hata shilingi. Mzee alikuwa bado hajui. Mistari 37 ilikuwa bado chini ya mashuka. Na nilikuwa nimesamehewa. Miezi 14 nilikuwa nimeamini kwamba nikilipa, ndipo Mungu atanitazama tena. Yeye akaanza kunitazama kwanza. Ndivyo alivyofanyiwa Zakayo, yule mkubwa wa watoza ushuru wa Luka 19. Yesu alimwita ashuke mtini, akamwambia leo imenipasa kushinda nyumbani mwako, kabla Zakayo hajasema neno juu ya kuwarudishia mara nne aliowanyang'anya. Kurudisha kulikuja baadaye, na kulikuja kwa furaha.

Kwangu furaha ilichelewa siku tisa. Nikiwa peke yangu nilikuwa na amani. Nikiketi mbele ya kitabu cha risiti nilijua nina safari ya Onesimo ya kwenda. Mwenzangu aliyenipeleka kwenye ibada alikuwa wa kwanza kuambiwa, na alishtuka. "Dada, si Mungu ameshakusamehe? Ya nini tena kuchokonoa? Rudisha kidogo kidogo kimya kimya." Ananipenda yule, na alikuwa akinihurumia mimi na mtoto. Lakini ushauri wake ulinitisha kuliko polisi, kwa sababu ulikuwa sauti ile ile iliyoandika "Mikopo" juu ya ukurasa. Na Onesimo hakutumwa kurudi usiku na kuacha kitu mlangoni. Alirudi yeye, akasimama mbele ya mtu.

Nikakaa nikapiga hesabu kwa mara ya mwisho. Jumla ilikuwa mishahara yangu mitano. Walawi sura ya 6 inasema aliyemdhulumu mwenziwe arudishe kitu chote na kuongeza sehemu yake ya tano. Ikawa sita. Niliandika jumla hiyo chini ya mstari wa 37, nikaweka sahihi, nikalikata lile neno la juu na kuandika jingine: Wizi. Mkono haukutetemeka. Hilo lilinishangaza.

Asubuhi ya siku ya kumi niliingia chumba cha ndani kabla sijaitwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kuna nini mapema hivi?"

Nikaweka daftari mezani nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakatoka machache: nimekuibia, kwa muda huu, kwa njia hii, jumla hii hapa. Akavaa miwani. Akasoma kuanzia mstari wa kwanza, kidole kikishuka taratibu, kama alivyokuwa akisoma kila kitu. Katikati ya ukurasa wa pili kidole kikasimama.

"Hii ni saba au moja?"

"Saba, mzee."

Akaendelea. Alipofika chini hakuinua uso kwa muda mrefu.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mzee."

"Kuna mtu alikuwa karibu kukugundua?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini?"

Nikamwambia kwamba nimeokoka, kwamba Mungu amenisamehe na siwezi tena kuendelea kuficha. Ndipo akainua uso, na sijasahau macho yake. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yameumia.

"Mungu amekusamehe kwa hela yangu?"

Hakuna swali nililowahi kuulizwa juu ya imani yangu lililo la haki kuliko hilo, na nimelibeba mpaka leo. Nilimjibu nilivyoweza. "Hapana, mzee. Kwa gharama yake mwenyewe. Ya kwako nimekuja kukulipa." Nikamwekea bahasha ya mshahara wa mwezi ule, sikuwa nimeifungua. Nikamwambia iliyobaki nitaileta kila mwezi, na kama anataka kuita polisi nitakaa hapo kwenye kiti niwasubiri.

Hakuita. Alisema neno moja, "Funguo," nami nikazitoa mkobani nikaziweka juu ya daftari. Kazi ikaishia hapo. Nilimlipa kwa miezi 26, kwa vibarua na baadaye kwa kazi nyingine ambako nilieleza kabla ya kuajiriwa kwa nini niliacha ile ya kwanza. Watu wawili walinikatalia kwa sababu hiyo na sikuwalaumu. Mzee alipokea kila bahasha, akahesabu mbele yangu, akaniandikia risiti kwa kaboni. Kwamba amenisamehe hakuwahi kutamka, wala sikuwahi kumdai.

Lakini asubuhi ile, baada ya funguo, nilikuwa nimeshafika mlango wa nje. Nyuma yangu nikamsikia kutoka chumba cha ndani, bila kuinuka, ananitaja jina.

"Njoo mara moja."

Nikageuka. Nilikuwa hatua ya tatu nilipotambua kwamba tumbo limetulia. Nikatazama viganja vyangu nikitembea. Vilikuwa vikavu. Miezi 14 sikuwa nimewahi kuingia mlango ule hivyo, na sasa, kazi sina, deni nimelitaja lote, naingia kama mtu aliyeitwa tu.

Alikuwa ameshika daftari karibu na uso.

"Huu wa nane. Mbona mkubwa? Ulikuwa wa nini?"

"Viatu, mzee."

Akavua miwani, akatazama chini ya meza, miguuni kwangu.

"Ndivyo hivyo?"

"Ndivyo hivi, mzee," nikamwambia.